Riwaya ya Mtunya: nani asimulie?

Mtu akiniambia anaandika riwaya juu ya Mtunya, njaa kubwa ya Ugogo, nchi ya Wagogo huko Dodoma, namuuliza kwanza: anasimulia nani? Visa havikosekani. Njaa ile iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920 iliua watu wapatao 30,000 katika watu 150,000 hivi, yaani mmoja katika kila watano, na kila tembe lililobaki na mtu ndani lilibaki na kisa chake. Kazi iko kwenye kuchagua mdomo wa kukitoa. Nimesoma miswada iliyofanyiwa utafiti wa miaka ikanifia mikononi kwa sababu mwandishi alimkabidhi hadithi mtu asiye na la kuamua. Anatazama, analia, anazika, anatazama tena. Msomaji anamhurumia kurasa thelathini, halafu anafunga kitabu.

Hapa nawaweka wasimulizi watatu bega kwa bega: mama mwenye kilindo cha nafaka, mtoto anayekuja kusimulia uzeeni, na karani wa akida (akida alikuwa ofisa aliyesimamia vijiji kwa niaba ya Wajerumani). Wengine wawili nitawagusa tu. Watatu hao nitawapa tukio lile lile, kila mmoja alisimulie kwa kinywa chake, maana kulinganisha wasimulizi bila kuwasikia ni kupoteza wakati.

Kwanza njaa yenyewe, kwa sababu uchaguzi wangu unatoka humo. Ugogo ni nchi kame, mvua yake ni ya msimu mmoja, na chakula chake kilikuwa uwele na mtama. Akiba ya kweli ilikuwa ng'ombe. Mwaka ukiharibika, ng'ombe alipelekwa kwa majirani waliovuna, akarudi nafaka. Watu waliijua njia hiyo vizuri, kwa kuwa njaa hazikuwa ngeni kwao. Walizipa majina na kuhesabia umri kwazo. Kisha ikaja vita ya 1914. Wajerumani wakachukua ng'ombe, chakula, na wanaume wa kubeba mizigo. Julai 1916 Waingereza wakaingia Dodoma, nao wakataka vile vile: ng'ombe, chakula, wanaume. Mvua ilipokosekana baada ya hapo, ile njia ya zamani ilikuwa imefungwa. Ng'ombe wa kupeleka kwa jirani hakuwapo, na kijana wa kumswaga hakuwapo. Juu ya hayo, mwaka 1918 yakaja mafua yale yaliyozunguka dunia. Jina la njaa hiyo, Mtunya, maana yake ni kinyang'anyiro.

Mchumi Amartya Sen alikuwa mtoto wa miaka tisa huko Bengal wakati wa njaa ya 1943, na katika kitabu chake cha 1981 alionyesha kwamba watu hufa njaa kwa kukosa njia ya kukipata chakula, hata pale ambapo chakula kipo. Ugogo ya 1918 inasomeka vizuri sana kwa jicho hilo. Njaa ni habari ya fungu: nani ana fungu, nani amepoteza fungu lake, na nani ameshika kibaba. Ndiyo sababu nasema mapema kwamba mimi nampendelea yule mwenye kibaba. Lakini si kila mwandishi atamweza, wala si kila riwaya inamtaka.

Tukio letu ni hili. Usiku mmoja wa 1919, ndani ya tembe. Kilindo kimebaki na uwele wa siku chache. Darini kimetundikwa kibuyu cha mbegu. Mume alichukuliwa upagazi na hajarudi. Dada yake mume anafika, mtoto mgongoni.

Mama asimulie:

"Nilipima vibaba viwili, nikarudisha kimoja. Mume wangu alikuwa ameondoka mwaka wa tatu ule, lakini mkono wangu bado ulikuwa ukipima wa mtu sita. Wifi alisimama mlangoni, mwanawe mgongoni. Hakuomba. Angeomba, ningekuwa na la kumjibu. Nikahesabu: watoto watatu, mkwe wangu mzee, mimi. Nikahesabu tena kana kwamba wangepungua. Nikamwambia, karibu ndani wifi, keti, maji yapo. Nilisema maji ili asikie kwamba sikusema chakula."

Tazama kazi inayofanywa na kile kibaba. Mama hajasema kwamba anateseka, wala hana haja. Amepima, amerudisha, amehesabu, amechagua neno. Kila sentensi ni kitendo chenye gharama, na msomaji anahesabu pamoja naye hata asipotaka. Hii ndiyo nguvu ya msimulizi anayegawa: njaa inaacha kuwa hali ya hewa inayowanyeshea watu, inakuwa maamuzi, asubuhi na jioni. Je, mzee ale kabla ya mtoto? Mtoto mgonjwa apewe zaidi au apewe kidogo? Na ile mbegu iliyo darini, ambayo kila mtu ndani anaiona na hakuna anayeitaja, iliwe leo au ingoje mvua ambayo mwaka jana haikuja? Kwa maoni yangu kibuyu hicho kinatosha kubeba riwaya nzima. Ukikitundika ukurasa wa kwanza, msomaji atakitazama hadi wa mwisho.

Ugumu wake ni mwingi pia. Wa kwanza ni kwamba mama huyu hajui sababu. Anajua ng'ombe walikwenda, anajua waliowachukua walivaa nini na walisema nini. Hajui habari za Schnee, gavana wa Kijerumani, wala Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lake, wala kwamba vita ilianzia Ulaya kwa mauaji ya mtu ambaye hajamsikia. Mwandishi anayemtia maneno hayo kinywani anamuua pale pale. Ukitaka msomaji ajue sababu, itabidi zipenye kwa mlango mdogo: kofia ya askari, neno la kigeni lililosikika vibaya, bei iliyobadilika.

Wa pili ni kwamba lazima amnyime mtu. Waandishi wengi wanashindwa hapa kwa sababu ya upendo. Wanampenda, hivyo wanampa moyo usio na mwisho: anagawa, anajinyima, anagawa tena, na chungu hakiishi. Mama asiyemnyima mtu katikati ya njaa ni mama ambaye mwandishi amemlisha kwa siri. Watu waliwekwa rehani kwa nafaka wakati wa Mtunya. Kulikuwa na kaya zilizopeleka mtu wao kwa wenye chakula, akakaa huko kama dhamana. Uamuzi ule ulipitia mikononi mwa mtu fulani, katika chumba fulani. Ukimchagua mama, utalazimika kuingia chumba hicho na kukaa humo hadi neno litamkwe.

Wa tatu ni utafiti, na huu haupatikani maktaba. Utahitaji kujua uwele unasagwa kwa muda gani juu ya jiwe na mkono unaoumia ni upi. Pishi ni vibaba vinne, hilo utalipata kwenye kamusi, lakini jinsi mtu anavyosawazisha kibaba kwa kiganja ili asizidishe hata punje, hilo litakutaka ukae na bibi wa Ugogo jikoni, si kwa mahojiano ya saa moja. Majani yanayoliwa mwaka mbaya, ubuyu unavyotengenezwa, mlenda unavyobaki mtamu hata pasipo kitu kingine: nenda ukaonyeshwe.

Sasa mtoto, akiwa mzee:

"Ninachokumbuka ni kwamba shangazi alikunywa maji mengi sana usiku ule. Alikunywa kata mbili, akaomba ya tatu. Nikadhani ametembea mbali. Mtoto wake hakulia, nami nikamwona ana adabu kuliko mdogo wangu. Asubuhi hawakuwapo. Mama alikuwa akisaga, hakutuamkia. Nakumbuka nilifurahi, kwa sababu uji wa siku hiyo ulikuwa mzito kuliko wa jana."

Hapa kazi inafanywa na kisichojulikana. Mtoto anasifu adabu ya mtoto mwenzake ambaye hana nguvu ya kulia, na msomaji ndiye anayebeba mzigo. Kifungu kama hiki kinaweza kuumiza kuliko cha mama. Kwa mwandishi anayeanza, naona mtoto ana unafuu: anakuruhusu kuacha mapengo, na mapengo ndiyo yatakayojaa pale utafiti wako ulipoishia.

Ana faida nyingine ambayo sijaona ikitumiwa vya kutosha, nayo ni wakati wa kusimulia. Mtoto wa miaka saba mwaka 1919 ana miaka sitini na ushee mwaka 1974. Fikiria yuko wapi. Kaya zimehamishwa kwenda vijijini katika Operesheni Dodoma ya miaka ya mwanzo ya sabini. Mwaka 1973 TANU imeamua Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Na chakula kimeadimika tena nchini kote. Mzee amekaa anangoja mgawo wa unga, na mkono wa anayepima unamkumbusha mkono mwingine. Hapo hadithi ina sababu ya kusimuliwa siku hiyo, na njaa mbili zinatazamana bila mwandishi kusema neno.

Ila mtoto anachosha. Baada ya kurasa mia moja ule ujinga mtamu unaanza kunuka ufundi. Msomaji anahisi mwandishi akimshika mtoto mkono asije akaelewa mapema mno. Tena mtoto haamui kitu. Anapewa au hapewi. Ukimchagua yeye kwa riwaya ndefu, mkuze haraka, umfikishe mahali ambapo na yeye ameshika kitu ambacho mwingine anakitaka. Hata kiwe tunda la mbuyu alilolificha.

Karani:

"Nyumba ya nne. Watu watano. Ng'ombe hakuna. Mbegu, kibuyu kimoja. Mwenyewe asema ni nusu, sikukishusha. Nilimwuliza kama ana mgeni, akasema alikuwapo, amekwenda zake. Wapi, hajui. Nikaandika: watu watano."

Nampenda huyu kuliko ninavyopaswa. Maneno machache, na mwanamke mmoja na mtoto wake wamepotea duniani kati ya nukta na nukta. Karani wa akida anajua mambo ambayo mama hawezi kuyajua: amri ilitoka kwa nani, ng'ombe wangapi walitakiwa, wangapi walipelekwa, wangapi waliandikwa. Ameishi chini ya Wajerumani, na baada ya Julai 1916 akaendelea chini ya Waingereza, kwa sababu kila mtawala anahitaji mtu wa kuandika. Riwaya inayotaka kuonyesha kwamba njaa hii ilitengenezwa na watu, na mvua ikamalizia tu, haiwezi kumkwepa.

Na kuna jambo la lugha, ambalo kwa mwandishi wa Kiswahili ni zito kuliko yote niliyotaja. Utawala wa Kijerumani uliendesha kazi zake za chini kwa Kiswahili. Maakida wengi na makarani wao walikuwa watu wa pwani au waliosoma huko. Kwa hiyo karani anapoandika Kiswahili, anaandika lugha yake ya kazi. Kila neno ni lake. Mama wa tembeni anasema Cigogo. Kiswahili unachompa ni tafsiri yako, hata kama umeificha. Usijidanganye kwamba ni jambo dogo. Dawa ya kunyunyiza neno la Cigogo hapa na pale lenye maelezo yake pembeni siiamini. Inamfanya mama aonekane mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Afadhali umpe Kiswahili safi, kifupi, chenye mwendo wa mtu anayefikiri akiwa na kazi mkononi, na umwachie karani Kiswahili cha ofisi. Tena cha ofisi ya wakati ule: Kiswahili sanifu kilikuwa bado hakijapangwa, kamati yake iliundwa 1930, hivyo karani wako ana uhuru wa kusema "ametwaa" na "yuataka" bila mhariri kumsahihisha. Tofauti ya sauti hizo mbili ndani ya lugha moja itaeleza habari za mamlaka kuliko sura nzima ya maelezo.

Utafiti wa karani uko kwenye makaratasi. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya Kijerumani na ya Kiingereza, na vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza vinaonyesha vizuri jinsi mtawala alivyozoea kuona. Soma uone wanachokitaja na wanachokiruka. Hatari yake ni ubaridi. Riwaya nzima ya karani inageuka kuwa ripoti juu ya ripoti, na mwishowe msomaji anamhurumia karani kwa dhamiri yake kuliko aliowaandika kwa maisha yao. Hilo naliona kosa la haki, si la ufundi peke yake.

Mpagazi nitamtaja kwa ufupi. Anavutia: anachukuliwa, anatembea na jeshi, anaona mito na maiti, anarudi asikute mtu. Lakini njaa ya Ugogo inatokea nyuma ya mgongo wake. Ukimfuata yeye utaandika riwaya ya vita, nayo ni riwaya nzuri ya kuandikwa, ila ni nyingine. Kwenye hii mwache awe pengo, yule mtu wa sita ambaye mkono wa mama unaendelea kumpimia.

Halafu kuna kijiji kizima kinachosema "sisi". Tulilima, tulingoja, tulitazama mawingu. Ni sauti yenye utamu wa masimulizi ya jioni, na wengi wanaifikiria kwanza. Nilijaribu mwenyewe, nikaandika kurasa kama arobaini. Ilinipendeza hadi nilipofika mahali jirani anaiba kwenye kilindo cha jirani, ndipo nikagundua kwamba sijui nani anaongea. Aliyeibiwa? Mwizi? Jina Mtunya lenyewe linasema kilichotokea: watu waliacha kuwa "sisi". Nikatupa zile kurasa, nikabakiza sura moja tu ya mwanzo, ya mavuno ya kabla ya vita, ambapo "sisi" bado ilikuwa kweli. Ukiitumia hivyo, msomaji ataona siku sauti hiyo inapokatika, na hutahitaji kumtangazia.

Basi uchague vipi? Angalia ulicho nacho mkononi. Kama umekua karibu na wanawake wa Ugogo na unaweza kurudi kukaa nao miezi, chukua mama. Kama ulicho nacho ni mzee mmoja katika ukoo aliyekuwa akisema nusu na kunyamaza nusu, chukua mtoto, na usijaze ile nusu aliyonyamaza. Kama umeshinda kwenye majalada na kilichokukasirisha ni amri, saini na hesabu, mpe karani, lakini umpe nyumba moja ambayo hawezi kuacha kuirudia. Na kama una vyote hivyo, mwache mama abebe kitabu, na karani aingie katikati ya sura kwa ukurasa mmoja mmoja, asizidi, akiandika nyumba ile ile ambayo msomaji ametoka kulala ndani yake.

Vyovyote utakavyochagua, kagua vitu vidogo kwa ukali. Pesa ni rupia. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuja 1921, na hili neno "hela" tunalolisema kila siku limetokana na heller, sarafu ndogo ya Wajerumani, kwa hiyo mwache mhusika wako alitumie akimaanisha sarafu hasa. Nchi haikuitwa Tanganyika hadi 1920. Reli ya kati ilikuwapo tayari, ilishafika Kigoma 1914, na watu wa Dodoma waliona mabehewa yakipita. Fikiria mama anasikia garimoshi usiku na hajui limebeba nini.

Kabla hujaandika sura ya kwanza, chukua lile tukio la wifi mlangoni uliandike kwa sauti zote tatu, kila moja ukurasa mmoja, kwa siku tofauti. Yaache wiki moja. Ukirudi, usitafute lililoandikwa vizuri zaidi. Tafuta lile ambalo ndani yake wewe mwenyewe ulisita kabla ya kuandika mtoto wa wifi amepata nini.